Maonyo ya Kimataifa

Barua ilikuja Jumanne, imelowa pembe moja.
Waandalizi wanaomba, kwa heshima na taadhima,
serikali iyatambue maonyesho yao:
nchi ishirini na tatu, siku tisini na moja,
uwanja wa Jamhuri, kando ya Barabara ya Ngong.
Mada: Mvua na Namna ya Kuihifadhi.

Sikujua jambo kubwa hivyo
laweza kuwapo na papo hapo lisiwepo.
Hema zimesimama, vigingi vimepigwa,
na bado, machoni pa dola, pale ni nyasi tu
na ng'ombe wawili wa mtu asiyejulikana.

"Kuona ni kwa macho," akasema Bwana Lekishon wa masjala.
"Kutambua ni kwa faili."
Akafungua jipya, akalitia uzi, akalipa namba,
likaanza kuzunguka kama mgonjwa mwenye barua ya rufaa.

Hazina wakauliza: hasara atalipa nani?
Mambo ya Nje: hizo nchi, zote tunaamkiana?
Ardhi wakauliza uwanja ni wa nani,
wakajibiwa, wakauliza tena.
Afya wakahesabu vyoo.
Mwanasheria akatia mkato mmoja, akauondoa,
kisha chai ikamwagika ukurasa wa saba:
duara la kahawia,
muhuri wa kwanza faili lile kupata.

Na kule Embakasi makasha yakangoja.
Kilichokuja kuonyeshwa hupita bila ushuru,
ila maonyesho yasiyotambuliwa hayana maonyesho ndani yake,
yana bidhaa, kama sufuria.
Basi mashine ya kukamua ukungu, kutoka milima ya mbali,
ikalala juani ikitoka jasho,
na fundi wake, Eliseo, akawa mgeni wetu wa kila asubuhi.
Neno lake la kwanza la Kiswahili lilikuwa *kesho*.
La pili, *bado*.

Mimi ni mtafsiri, ghorofa ya tatu.
Waziri akishatia sahihi kwa Kiingereza,
mimi huyaleta maneno nyumbani.
Ijumaa, saa kumi na moja kasorobo,
nikaandika: *Serikali inayatambua rasmi
Maonyo ya Kimataifa ya Nairobi.*
Herufi tatu zilinidondoka.
E, S, H.
Sijui zilianguka wapi.

Gazeti likatoka. Hakuna aliyepiga simu.
Bwana Lekishon alisoma, akavua miwani.
"Syombua, tumetambua maonyo."
"Nitasahihisha."
"Ngoja kwanza. Miaka thelathini na moja niko hapa.
Mto ulipopanda vitandani mwa watu kule Mukuru,
barua ya hali ya hewa tulikuwa nayo.
Nakala tatu.
Haikuwa na namba ya faili."

Tukanyamaza.
Nje mvua ilikuwa inaanza, ya kwanza ya Oktoba,
juu ya mabati ya gereji ya serikali,
ikitiririka mtaroni, mali ya bure,
hakuna wa kuikinga hata kwa kikombe.

Masahihisho yalichapwa wiki iliyofuata,
mistari minne, kwenye ukurasa wa kufungia njugu.
Makasha yakafunguliwa.

Nilikwenda siku ya tatu, nimevaa viatu vya Krismasi.
Askari langoni: "Beji?"
Nikamwambia ni mimi niliyeandika tangazo.
"Hata jana walikuja watatu walioliandika."

Nje ya ua, Mama Kerubo anachoma mahindi,
kibao cha boksi kimeegemea jiko: MAHINDI YA KIMATAIFA.
"Amekutambua nani?" nikamuuliza.
"Njaa," akasema, akanichagulia laini,
akaongeza shilingi kumi juu ya bei ya juzi.

Nikala nimeshika waya wa ua.
Ng'ambo, mashine ya ukungu ilikohoa mara moja.
Eliseo aliinua kichwa, akaniona, akapunga spana.
"Bado!" akapaza sauti.
Sijui alikuwa ananisalimu
au ananieleza hali ya mashine.